Safari ya Newcrest, mtaa usio na vumbi

Wengi wetu tumesafiri kwa mashua mpaka Bukavu, wengine kwa gari mpaka Butembo au Kampala. Leo nataka kuwaeleza safari niliyoifanya nikiwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki, mimi, mama yangu mzazi na binti ya dada yangu, mbele ya ordinateri ya kuazima. Tulienda Newcrest. Msilitafute jina hilo kwenye ramani ya shule. Mimi nafundisha jiografia na sijaliona humo. Newcrest iko ndani ya mchezo unaoitwa The Sims 4.

Najua kuna atakayesema mwalimu mzima amekosa kazi. Hata mimi nilisema hivyo. Lakini sababu ya kwenda ilikuwa nyumba, na nyumba si mchezo.

Tuna parseli ndogo Ndosho. Msingi wa mawe ya volkano umekwisha, na tulikuwa karibu kupandisha kuta za mabao. Zamu yangu ya likelemba ilikuwa inakaribia: sisi ni wamama 15, kila mmoja anatoa dola 20, kwa hiyo nilikuwa nangojea dola 300. Bwana yangu alitaka saloni ya kisasa, kama zile za kwenye televizyo, na mimi sikumpinga kwa sababu nilikuwa naitaka pia. Nilikwisha kusema na seremala anitengenezee fotei, akanipigia hesabu ya dola 280. Yaani nyumba haina kuta, lakini fotei tayari zina bei! Siku moja binti ya dada yangu, anayesoma mambo ya ujenzi, alinisikia nikieleza habari hiyo. Akaniambia, “Mama mdogo, kabla ya kutoa pesa njoo tuijenge kwanza kwenye ordinateri. Ukikosea kule, haulipi kitu.”

Mchezo wenyewe umekuwa bure tangu Oktoba 2022. Kinachogharimu ni mega za kuushusha, nazo ni nyingi kweli. Yeye aliushusha usiku akiwa chuoni.

Basi tukafika. Newcrest ni mtaa wenye parseli 15, na zote ni tupu. Mama yangu alipoambiwa hivyo aliuliza mara mbili. Parseli 15 tupu, hazina mtu anayedai kwamba baba yake ndiye alikuwa wa kwanza kulima pale, hazina hati mbili za watu wawili, wala hazina jirani aliyesogeza mpaka usiku! Barabara ni safi. Majani ni ya kijani kibichi, na mbali kidogo unaona majengo marefu ya mji. Mtu mmoja alikuwa anapita akikimbia peke yake, hafukuzwi na mtu. Mama alimwangalia mpaka alipopotea. Halafu akauliza ardhi yao ni ya rangi gani. Mtoto akachimba msingi kidogo kwa kipanya ili Koko wake aone. Hakuna mawe meusi. Mama akatikisa kichwa, nafikiri akipendezwa.

Kila anayehamia kule akiwa peke yake anapewa pesa 20 000 za kwao, zinaitwa simoleoni. Zikiisha kuna neno la siri la kuandika, motherlode, na mara moja unaongezewa 50 000. Ni neno la wachimba madini, maana yake mshipa mkubwa wa dhahabu. Sisi wa Kivu tunajua mshipa wa dhahabu unamwachia nini mtu anayeuchimba, kwa hiyo nilikataza neno hilo lisitumiwe. Nilisema tutajenga kwa pesa ya kuhesabu, kama watu. Mtoto alicheka lakini alitii.

Nataka niwaeleze kidogo mchezo huu ulitoka wapi, kwa sababu habari hiyo ndiyo iliyomfanya mama yangu akubali kuketi. Aliyeubuni ni Mmarekani anayeitwa Will Wright. Mwaka 1991, mwezi wa 10, moto mkubwa ulishuka kutoka vilima vya Oakland, katika jimbo la California, ukachoma nyumba nyingi, na ya kwake ikiwemo. Yeye na jamaa yake walitoka salama, vitu viliteketea. Baadaye alipoanza kununua vitu upya, kimoja kimoja, alijiuliza kila kitu kina kazi gani hasa katika maisha ya mtu: kwa nini ninahitaji meza hii, kitanda hiki, na ni kipi ambacho sikumbuki hata kwamba nilikuwa nacho. Kutoka katika maswali hayo ulizaliwa mchezo wa kujenga nyumba na kuweka watu ndani yake ili waonyeshe kama nyumba hiyo inakalika. Wakubwa wa kampuni yake mwanzoni hawakuutaka, walisema ni nyumba ya madoli. Ule wa kwanza ulitoka mwaka 2000, na mwaka 2002 ukawa ndio mchezo wa ordinateri uliouzwa kuliko yote duniani.

Mwaka 2002! Kila mtu wa Goma akisikia mwaka huo anajua aendelee na nini. Tarehe 17 Januari 2002, siku ya Alhamisi, Nyiragongo ilipasuka na lava ikapita katikati ya mji, ikafunika Birere, ikaingia ziwani. Mimi nilikuwa na miaka 11. Nyumba yetu ilikuwa karibu na Birere. Tulilala Gisenyi, na tuliporudi mama hakuweza hata kuonyesha nyumba ilikuwa wapi, kwa sababu avenyu yenyewe haikuwepo. Ilikuwa jiwe tupu, bado linatoa moshi.

Kwa hiyo mama yangu aliposikia habari za yule Mmarekani alisema, “Huyo anajua.” Akavuta kiti chake karibu na ekrani.

Parseli yetu tuliichora kama ilivyo Ndosho. Sakafu ya kule inagawanywa kwa miraba kama daftari la hesabu, tukakubaliana mraba mmoja uwe mita moja. Nyumba yetu ni mita 8 kwa 7, yaani miraba 56. Mtoto akaniuliza, “Mama mdogo, saloni unaitaka ya ukubwa gani?” Nikasema kubwa. Akatoa 5 kwa 7, miraba 35. Akabomoa ukuta wa jiko ili jiko na saloni viwe kitu kimoja, maana ndivyo nyumba za kisasa zinavyofanywa: unaingia mlangoni na unaona kila kitu mpaka sufuria. Kuta nyeupe. Sakafu nyeupe. Fotei nyeupe, ndefu, zenye kona. Meza ya kioo. Taa inayoning'inia. Rido za kijivu. Wamama, ilipendeza! Nilimwita bwana yangu kwa simu aje aone.

Mama alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza, “Nani atafua?”

Hilo ndilo jambo la kwanza tulilojifunza kule. Weupe wa Newcrest ni wa Newcrest. Sisi tunakaa juu ya mawe meusi, vumbi la lava linaingia hata ukifunga dirisha, na kila chukudu ikipita inatuachia zawadi yake. Fotei nyeupe Goma ni kazi ya mama mmoja kila Jumamosi mpaka afe. Mtoto akafungua kisanduku cha rangi, kwa maana kila kitu kule kina rangi kadhaa unazochagua bila kuongeza pesa, akajaribu kahawia, kijani cha majani ya ndizi, kisha rangi ya mtama. Kuta tuliacha nyeupe kwa juu tu, ili nuru izunguke, na chini, mpaka urefu wa kiuno cha mtoto, tukaweka mawe. Kule mawe ya ukutani yanauzwa ghali, ni pambo la matajiri. Nilicheka sana. Sisi tunayaficha chini ya simenti kwa aibu, na yamejaa nje ya mlango, kuyachonga tu.

Jambo la pili lilikuwa baya zaidi. Tulipotoa miraba 35 kwa saloni, ilibaki miraba 21 kwa vyumba viwili vya kulala. Tukaweka kitanda cha wazazi, tukaweka vitanda vya watoto. Nina watoto watano. Kisha mtoto akaingiza watu ndani ya nyumba. Mwanamke wetu, tuliyempa nywele za kusuka, alitaka kwenda kulala. Akafika mlangoni, akasimama, akaanza kulalamika kwa lugha yao isiyo na maana kwa mtu yeyote duniani. Kitanda kilikuwa kimeziba njia. Saloni ya mita 35 iko tupu inang'aa, na mama mwenye nyumba hawezi kufikia kitanda chake! Bwana yangu, ambaye alikuwa amefika, alijikuna kichwa akasema labda kitanda kidogo kitafaa.

Ndipo tukampa apike. Nimesema jiko lilikuwa ndani ya saloni. Katika mchezo huu mtu ambaye bado hajajifunza kupika anaweza kuunguza, na yule mwanamke alikuwa mgeni katika kila kitu. Sufuria ikashika, jiko likashika, na moto ukaanza kuenea sakafuni. Watu wa ndani wakawa wanapiga kelele. Sisi wengine tulikuwa tunacheka. Nilipogeuka mama hakuwepo kwenye kiti, alikuwa amesimama nyuma, mgongo ukutani, mkono mdomoni.

Mtoto alishtuka, akafunga mchezo bila kurekodi. Akamwambia, “Koko, pole, angalia.” Akaufungua tena. Nyumba ilikuwa palepale, nzima, nyeupe, rido zimetulia, mwanamke wetu anasimama nje kana kwamba ndiyo anafika.

Mama akasema, “Hivyo tu?”

Hakuna aliyejibu. Bwana yangu akatoka kwenda kununua soda. Mama akarudi kuketi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu akaanza kueleza nyumba ya Birere. Miaka yote alikuwa anasema tu “ile nyumba”. Sasa akaonyesha kwa kidole kwenye ekrani: hapa kulikuwa na kabati la vyombo vya arusi. Hapa cherehani. Hapa baba yenu alikuwa anaweka redio, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigusa. Hapa dirisha, lilikuwa linaona barabara, nilikuwa nawaona mkitoka shuleni. Mlango ulikuwa mmoja tu, upande wa barabara. Akarudia hilo la mlango. Siku ile lava ilikuja, watu wote wa avenyu walikuwa wanakimbia barabarani, na mlango wetu ukasongwa na watu na mizigo; alitupitisha sisi watoto dirishani, nyuma, mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nakumbuka dirisha. Sikuwahi kujua kwa nini tulipita dirishani.

“Wewe jenga saloni yako,” akasema, “lakini nipe milango miwili.”

Tukabomoa yote. Kule kubomoa ni kubonyeza mara moja. Mtoto akasema kuna kitabu ambacho yule Wright alisoma kabla ya kubuni mchezo, cha mjenzi anayeitwa Christopher Alexander, A Pattern Language, kilichotolewa mwaka 1977. (Mwaka 1977 pia Nyiragongo ilipasuka, mama yangu ndiye aliyetukumbusha.) Walimu wake wamewafundisha shauri moja la kitabu hicho: kila chumba kipate nuru kutoka pande mbili, kwa kuwa watu wenyewe, wakiachiwa kuchagua, hukaa katika chumba cha namna hiyo na kuacha kile chenye dirisha upande mmoja. Nilifikiria darasa langu, lenye madirisha upande mmoja tu, na watoto wa upande wa giza ambao ndio wanaosinzia kila siku. Nilikuwa nawaadhibu.

Basi tukaanza kwenye kona. Nyumba ina kona nne, kwa hiyo vyumba vinne, kila kimoja na kona yake na madirisha pande mbili. Saloni 4 kwa 4, mbele kushoto. Nyuma yake chumba cha wasichana, 4 kwa 3. Upande wa kulia vyumba viwili vya 4 kwa 3, chetu mbele na cha wavulana nyuma, na katikati ya hivyo viwili korido ya mita moja inayotoka saloni mpaka ukuta wa mwisho. Hapo mwisho wa korido tukaweka mlango wa pili. Hesabu mtaona inatimia 56. Jiko tulilitoa nje, chini ya paa lake, hatua chache kutoka mlango huo, kama mama alivyotaka na kama mbabula inavyotaka. Usasa wa jiko la ndani ni wa watu wenye umeme usiokatika na bomba linalovuta moshi. Mwenye makala akiiga, anawapa watoto kikohozi. Hapo sikuhitaji ordinateri kunifundisha, lakini nakubali ilikuwa karibu nisahau.

Kuna kitu kingine kizuri katika mchezo huu: ukiwa unajenga unaweza kubadilisha saa ya mchana ukaona nuru inavyozunguka ndani. Tuliweka asubuhi, tukaweka saa sita, tukaweka jioni. Jioni saloni yetu ilikuwa pango. Kwenye fotei ndipo palikuwa na giza zaidi, na mezani ambapo watoto wataandika masomo hapakuwa na kitu. Tukasogeza meza chini ya dirisha la magharibi ili wapate robo saa zaidi ya nuru kila siku. Kuhusu umeme, kule mtu asipolipa fakturi anakatiwa. Sisi tunaweza kulipa na bado tukakaa gizani, kwa hiyo robo saa si kidogo.

Kupamba kulituchukua jioni nzima, na hapo nilikosa uvumilivu na mji huo. Katika madirisha yote ya duka lao nilitafuta kinu, sikukiona. Hakuna kitenge. Hakuna mkeka. Hakuna bido hata moja la maji, kwa kuwa maji yanatoka tu, hakuna anayekwenda kuyachota, na mtu aliyepanga vitu hivyo hakuwahi kuulizwa bido 4 zitakaa wapi. Nyumbani kwangu hilo ni swali la kila siku, na nimekwisha kujikwaa mara ngapi. Tuliweka mapipa manne ya maua kando ya mlango wa korido, tukasema hayo ni mabido. Mama akataka picha ukutani, mahali pa baba. Picha za baba ziliungua zote. Mtoto akafungua picha za kule, sura za watu tusiowajua, na milima. Ukuta huo tukauacha.

Lakini yapo niliyoyabeba. Rangi tatu zinatosha chumba kizima, ya nne inaanza kelele. Vitu si lazima vyote viegemezwe ukutani kama watu wanaongoja kwa daktari. Viti viwili vikielekeana karibu na dirisha vinafanya watu wazungumze. Rido ndefu mpaka chini zinaongeza urefu wa chumba chenye paa la chini, na kitenge cha yadi 6 kinatoa rido za dirisha moja na foronya zake. Kioo kikiwekwa mkabala wa dirisha kinakupa dirisha la pili bila seremala. Hayo yote nilijaribu kwanza Newcrest, mengine yakanichekesha na nikayaondoa, na hakuna dola iliyotoka.

Kurudi nyumbani kulikuwa kugumu kidogo, kwa sababu ilinibidi niende kwa seremala. Alikuwa hajakata mbao, Mungu asifiwe. Nilimweleza kwamba fotei ninaziacha. Alinuna. Nilipomwambia ninahitaji milango miwili badala ya mmoja, na fremu za madirisha 8, alianza kusikiliza, akachukua penseli kutoka nyuma ya sikio. Akasema sijawahi kuona mtu anayeomba madirisha 8 katika nyumba ya mita 8 kwa 7, mwizi atafurahi. Tukabishana. Tukamalizia 6 yenye vyuma: saloni mbili, chumba cha wasichana mbili, kimoja kwa kila chumba kilichobaki. Kwa hiyo wavulana wana nuru ya upande mmoja, na sisi vilevile. Dola 300 za likelemba zilitosha milango na madirisha 4. Mawili yanangojea zamu nyingine, tumeyaziba kwa mabao.

Bwana yangu alinuna siku mbili kwa ajili ya saloni. Siku ya tatu aliwaleta rafiki zake waone korido.

Nyumba sasa ina paa. Saloni ina viti vitano vya plastiki na mkeka, kioo, na rido za kitenge cha njano. Mama alikuja Jumapili iliyopita na fimbo yake. Hakuangalia rido. Alipita moja kwa moja mpaka mwisho wa korido, akafungua mlango wa pili, akaufunga, akaufungua tena. Akasema unafungukia ndani, ni kosa, watu wakisukuma kutoka ndani hautafunguka. Seremala anakuja Alhamisi kuugeuza.